Kamba Iliyolowa na Bao la Iringa

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi pale Iyunga, Mbeya, mwanangu, nilipowatangulia watu wote uwanjani nikiwa na ndoo ya chokaa, kigingi cha chuma na kamba begani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Umeniambia kuwa msimu huu wewe ndiye utakayetunza vifaa vya chama chetu cha waliosoma shule moja, ukaniomba neno. Sina hakika kama mimi ndiye wa kuombwa. Shule yenyewe niliishia kidato cha pili, na walinipokea chamani labda kwa sababu nilikuwa naandika kila kitu kwenye daftari, kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Daftari lenyewe ninalo hapa. Nitakueleza kama lilivyo, na pale lilipokosea nitasema.

Chama kilikuwa na matawi mawili, sisi wa Mbeya na wenzetu wa Iringa, na msimu ulikuwa na vipande viwili. Kwanza tulishuka Matema kushindana kupiga makasia Ziwa Nyasa, halafu tukapanda huku kwenye baridi kucheza mpira wa magongo. Aliyeshinda ziwani, hata akipata sare uwanjani, ngao ni yake. Aliyeshindwa ziwani alipaswa kushinda magongo, ndipo aichukue. Ngao ilikuwa haijawahi kufika Iringa. Wenzetu hawakukulia majini, na vijana wetu, walioshinda tena ziwani mwaka ule, hawakuwaonea huruma.

"Nyie wa Iringa, hilo ni kasia, si jembe!"

Festo, nahodha wao, mkulima wa miti kutoka Mafinga, alijibu huku akihema na maji yakimtiririka usoni: "Chekeni tu! Tutaonana kwenye magongo, huko hakuna mawimbi ya kuwabeba!"

Hata wa kwetu walicheka. Festo alikuwa mtu wa namna hiyo. Ila wenzake walikuwa na neno juu yake, kwamba ana haraka, kwamba akiliona goli mkono unatangulia akili. Ninaliandika kwa sababu baadaye lilimwangukia.

Sasa habari ya kamba. Tulikuwa nayo moja tu, ya katani. Ziwani ilifunga mashua. Uwanjani ilikuwa na fundo lililopimwa, nami niliitumia kuchorea nusu duara mbele ya kila goli. Kwenye mpira wa magongo, kama hujacheza, bao halihesabiwi mpaka mpira uwe umepigwa ndani ya nusu duara lile. Ukipigia nje, hata nyavu zikitoboka umejichosha bure.

Ijumaa jioni nilichora upande wa barabarani, kamba ikiwa kavu. Nikaiacha kwenye nyasi, mvua ikainyeshea mpaka asubuhi. Jumamosi nikachora upande wa pili kwa kamba ileile, imelowa chapachapa. Na kamba ya katani, mwanangu, ikilowa inajikunja na kuwa fupi. Nilijua. Mzee Ambakisye, fundi wa mashua zetu aliyetufundisha kushika kasia, alikuwa ameniambia kulekule Matema: mvua ikija, iachie mashua kamba kidogo, la sivyo itajivuta mpaka ing'oe pete. Lakini neno lile nililiweka na mambo ya ziwani. Halikunijia uwanjani.

Mchezo ulifika dakika za mwisho tukiwa bao moja kwa moja. Festo akapata mpira upande ule wa pili, akapiga bila kusita, ukalala wavuni. Wa Iringa wakarukaruka. Mwamuzi, mtu wa haki asiye wa Mbeya wala wa Iringa, akaenda akatazama gongo lilipochimba nyasi. Lilikuwa nje ya mstari. Akakataa bao. Simlaumu; alitazama mstari niliomchorea mimi.

"Festo! Haraka ya nini, bwana?" mwenzake mmoja akamfokea.

"Nilikuwa ndani."

"Ndani ya nini? Mstari si ule pale? Au macho umeyaacha Mafinga?"

Filimbi ya mwisho ikalia, ngao ikabaki kwetu, tukacheza na kuimba. Nilicheza na mimi.

Baadaye nikaenda kukusanya vitu. Jua lilikuwa limetoka tangu saa nne na kamba ilikuwa imekauka. Sijui kwa nini niliifunga tena kwenye kigingi nikaivuta. Labda mkono ulitaka kujua. Fundo lilipita chokaa kwa hatua nzima. Alama ya gongo la Festo ilikuwa katikati, kati ya mstari wangu na fundo. Alikuwa ndani.

Ng'ambo ya uwanja, wenzetu wa Iringa walikuwa wanapanda gari lao. Hatua sitini, pengine sabini. Nilikuwa bado nimeshika kamba Festo alipokuja kunipa mkono, kama ilivyo desturi ya nahodha kumuaga mwandishi.

"Kamwene," akanisalimu kwa lugha ya kwao, "bwana daftari. Andika tu kwamba nilipiga mapema."

Nikaandika. Ninayaona maneno hayo hapa, kwa mwandiko wangu: Festo alipiga mapema.

Siku ya tatu moyo ukanizidi, nikaenda Ilomba, hapahapa Mbeya, kwa binti yake Mzee Ambakisye, alikokuwa amekaa kwa muda. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapiga randa kasia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona na kamba begani kama unakwenda kuiba mbuzi wa watu?"

Nikamweleza yote. Nikaongeza na utetezi wangu, ambao sikuwa nimeutunga, ulikuwa kweli: kipindi cha kwanza sisi ndio tulioshambulia upande uleule. "Kwa hiyo duara dogo lilitukuta wote, mzee."

"Mlifunga bao mkiwa pale katikati, mkakataliwa?"

"Hapana."

"Basi halikuwakuta." Akapuliza maranda. "La kamba nimekusamehe. Hata mimi nimewahi kupasua mashua ya watu kwa kiburi. Lakini kijana wa watu umempa mkono, umemwandika mkosaji, na kamba umeishika. Hilo usiisingizie katani. Nenda Iringa."

"Nitakwenda, mzee."

"Nitakwenda ni neno la mtu aliyekaa," akasema, akarudi kwenye kasia lake.

Na kweli nilikaa. Wiki ya kwanza kulikuwa na viazi vya kuvuna Uyole. Wiki ya pili nilisema nisubiri kikao cha tawi. Wiki ya tatu sikuwa na sababu, nikakaa tu. Wiki ya nne ndipo nilipopanda basi.

Wakubwa wa tawi la Iringa walinisikiliza vizuri kuliko nilivyostahili. Matawi yakakutana, na ngao ikahamia Iringa bila ugomvi. Wenzangu wachache walininunia hadi msimu uliofuata, nami sikuona kama wamekosea. Lakini Festo hakuwapo. Siku chache kabla sijafika alikuwa amerudisha gongo na kujitoa chamani. Nikamfuata Mafinga, nikamkuta ameinama kwenye kitalu cha miche.

"Kumbe nilikuwa ndani," alisema nilipomaliza.

"Ulikuwa ndani."

Akakandamiza udongo kwenye mche mmoja. "Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba sikuwa."

Alinipa chai na viazi, akanisindikiza hadi barabarani. Chamani hakurudi, wala makasia wala magongo. Mwenyewe alisema ni miti, miche haimsubiri mtu. Yawezekana. Sitaki kujipa ukubwa ambao sina, hata ule wa kumharibia mtu maisha. Daftari langu limeandika yote mawili, alivyosema yeye na ninavyoogopa mimi, na sijui lipi ni zito.

Waswahili husema kawia ufike. Mimi nilikawia, nikafika, nikakuta niliyemfuata ameshaondoka. Kwa hiyo neno langu ni hili, mwanangu, na kama kuna mwenye bora zaidi lichukue lake. Kukosea utakosea, kazi ya kupima ni ya binadamu. Ila siku utakayogundua kwamba kosa ni lako na aibu ameibeba mwingine, usingoje kikao wala usitafute utetezi, hata ule ulio wa kweli. Sema hapohapo, aliyeonewa akiwa bado anaonekana. Ngao inaweza kurudishwa mwezi mzima baadaye na ikang'aa vilevile. Imani ya mtu kwa macho yake mwenyewe haina subira hiyo.

Mungu akupe wenzako wenye masikio, akupe ulimi usiosita siku ya kukiri. Na utakapokuwa wewe ndiye uliyeonewa, akuletee mtu atakayekuja mbio kuliko nilivyokuja mimi.