Kurasa Zilizoshonwa kwa Uzi wa Gunia

Waraka wa ofisi ya kanisa, uliopigwa mihuri miwili na kusomwa katika makanisa yote madogo ya milimani juu ya Kirotshe, ulitangaza kwamba mwaka huu ni Mwaka wa Furaha. Kwa hiyo maandiko ya kukata tamaa, hasa yale ya wazee wa hekima wa Kiebrania, yasisomwe tena mbele ya waombolezaji, kwa kuwa yanampunguzia muumini hamu ya kuishi. Waraka ulivitaja vitabu viwili: kile cha mtu aliyekaa kwenye majivu akiilaani siku aliyozaliwa, na kile kifupi cha mzee aliyekuwa na kila kitu, akakiona chote kuwa upepo.

Evode, mwinjilisti wa moja ya makanisa hayo, aliutii waraka zaidi ya ulivyoomba. Siku sita za juma Evode hushona magunia ya maharagi, na hakuna mfanyabiashara wa kilima kile aliyewahi kupoteza punje kwenye mshono wake. Alichukua Biblia ya kanisa, ambayo ni moja tu, akaifungua kwenye vitabu vile viwili, akapitisha sindano kubwa na uzi wa gunia ukingoni mwa kurasa, mshono wa kurudia. Hakuna aliyemwona. Akairudisha mezani, akaifunika kitambaa, na kwa miezi mitatu akahubiri furaha.

Mwezi wa nne mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na kilima kikamporomokea Floribert akiwa katika shamba lake la maharagi, lile lile alilolilima miaka ishirini na sita. Ilihitaji watu kumi na mmoja na majembe ili kumtoa.

Siku ya pili baada ya mazishi, watu wakiwa wameketi chini uani kwa marehemu, Evode alisimama kutoa neno, Biblia ya kanisa mkononi. Alisema Floribert amepumzika, kwamba kila jambo lina sababu yake, na kwamba mjane anapaswa kufurahi. Emérence, ambaye ndiye mjane, alimwacha amalize.

"Aksanti, Papa Evode," alisema. "Sasa unisomee ile ya muzee mwenye alikuwa na kila kitu. Floribert alikuwa anaipendaka. Alikuwa anasema, ule njo pekee mu Biblia nzima mwenye anasema kama muntu mwenye amelima."

Wawili watatu walicheka kidogo. Kweli, Floribert alisema hivyo kila msimu wa kupanda.

Evode alitazama viatu vyake. "Ile haiko mu hii Biblia, mama."

"Haiko?"

"Hii iko ya bei kidogo. Walipunguza."

Ilikuwa Biblia ile ile waliyoapia Emérence na Floribert siku ya ndoa yao.

Mama Françoise, dada ya marehemu, mwalimu mstaafu aliyefika kutoka Ntoto kwa siku mbili za pikipiki na miguu, alinyoosha mkono. "Lete nione penye walipunguza."

Alifunua kurasa kama anayesahihisha madaftari, mpaka akafika kwenye bunda lililokataa kufunguka. Alilivuta mara moja. Halafu akakigeuza kitabu ili watu wote wauone ule ukingo na uzi wake wa buluu.

"Waebrania nao walikuwa na uzi ya magunia?" aliuliza.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa mshono ni wa nani. Nusu ya walioketi pale walikuwa na magunia yake nyumbani.

"Mwinjilisti," Françoise aliendelea, "hata Neno unalifunga kama maharagi ya kupeleka Goma?"

"Kulikuwa waraka, mama."

"Waraka ulisema ushone?"

"Ulisema tusisome."

"Basi ungeacha kusoma."

"Nilikuwa naisoma kila asubui, mbele ya kazi," Evode alisema. "Niliona siwezi kuacha. Nikaogopa muntu atanijua."

Emérence aliomba kisu. Mwanamke mmoja alitoa kile alichokuwa akimenyea mihogo, akakifuta kwenye kitenge. "Kata, Papa," Emérence alisema, bila ukali.

Evode alipiga magoti. Kwa kuwa mshono ulikuwa wa kurudia, haukukubali kufumuliwa kwa mvuto mmoja. Ilibidi akate tundu kwa tundu, watu arobaini wakimtazama mikono. Angekuwa fundi mbaya, ingekwisha upesi. Alipofika kitabu cha pili, shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Alisoma akiwa bado kwenye magoti. Alisoma jinsi mwenye akili na mjinga wanavyoishia mahali pamoja, na jinsi mtu anavyochokea juani kitu atakachomwachia mwingine asiyekitolea jasho. Mahali ambapo sindano ilikuwa imekula neno, hakusita, alilijua. Emérence alisikiliza kama mtu anayesimuliwa na jirani msiba uliompata jirani huyo mwenyewe. Mara moja tu alikubali, "Njo vile."

Alipomaliza, hakuna aliyeitika amina. Watu hawakujua kama inafaa. Evode alisema, "Munisamehe," kwa sauti ambayo walioketi nyuma hawakuisikia, wala hakuna aliyemwomba arudie.

Emérence aligeukia wanawake wa jikoni, akauliza kama bugali ilibaki. Walimletea na mboga ya sombe. Alikula akamaliza. Françoise alisema baadaye kwamba tangu Jumatatu, siku kilima kilipoporomoka, Emérence alikuwa akinywa maji tu.