Pini Chini ya Behewa la Ngano

Mume wangu alizoea kuwaambia wageni kwamba mimi nimeolewa na mabehewa, yeye ni mchepuko tu. Mchana nilishinda kwenye yadi ya reli nikigonga magurudumu kwa nyundo, na nikirudi nyumbani Igoma nilikata debe la mafuta ya kula na kulikunja mpaka litoke kibehewa cha urefu wa shubiri, chenye milango inayofunguka na magurudumu yanayozunguka.

Nilikuwa mkaguzi wa mabehewa bandarini. Mabehewa yanayofika Mwanza na ngano au mbolea hupandishwa kwenye meli yenye reli sitahani, yakavushwa ziwa hadi Uganda. Kabla hayajapanda, lazima mtu aingie chini ya kila moja, aangalie magurudumu, springi na breki, kisha asaini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama miaka ishirini na moja. Mdogo wangu wa kiume, tuliyekua naye Nansio, ni baharia wa meli hiyohiyo. Nikisaini ovyo, wa kwanza kuumia ni yeye.

Vibehewa vyangu vilikuwa na sheria moja: sitengenezi nisichokiona. Nikimaliza kukagua, nilitoa daftari nikachora kila kitu kilivyo, hadi bati lililobonyea. Kuna watu hunakili picha za kwenye simu na kupachika vikorokoro ambavyo mabehewa yetu hayajawahi kuwa navyo. Hao niliwadharau waziwazi. Mimi ni mtu wa majivuno, sitaki kuficha.

Jumamosi moja asubuhi, siku yangu ya mapumziko, nilikaa barazani na mkasi wa bati nikitengeneza behewa la ngano nililolikagua jana yake. Nikafika kwenye breki. Chini ya behewa kuna fimbo ya chuma inayovuta breki, nayo hushikiliwa na pini isiyozidi kidole cha shahada. Mchoro wangu ulikuwa na fimbo. Mahali pa pini palikuwa patupu.

Kwanza nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Pini ikikosekana, fimbo huanguka. Ikianguka behewa likiwa kwenye daraja la kuingilia melini, itanasa kwenye maungio ya reli na behewa zima litatoka njiani. Na meli ile hupakiwa kwa kusawazisha, moja kulia, moja kushoto. Uzito ule ukilala upande mmoja, anayesimama pale kufunga mabehewa kwa minyororo ni mdogo wangu.

Nikaenda kabatini kutoa vibehewa vya zamani. Cha mwaka jana kilikuwa na pini, niliikata kwenye sindano. Vitatu vya karibuni havikuwa nayo. Ama yadini kulikuwa na mwizi wa pini, ama jambo jingine ambalo sikutaka kuliwaza. Nilimpigia msimamizi wa yadi, hakupokea. Simu ya mdogo wangu ilikuwa imezimwa, kama kawaida wakati wa kupakia. Kupakia huanza saa nne, na ilikuwa saa tatu na robo.

"Mama, una mgonjwa?" aliniuliza wa bodaboda, alivyoona nimepanda na kanga ya jikoni.

"Endesha, baba."

Njia nzima nilikuwa natunga uongo. Nitasema nimekuja kuchukua koti. Nitachungulia kimyakimya, nikikuta pini haipo nitaiweka mwenyewe, na hakuna atakayejua. Hadi tunaipita Mkuyuni, uongo wangu ulikuwa umekamilika hadi rangi ya koti.

Nilipofika bandarini saa nne ilikuwa bado, lakini walikuwa wameshaanza. Kichwa cha treni hakikanyagi daraja lile, ni kizito mno; mbele yake huwekwa mabehewa matupu ya bapa, na hayo ndiyo husukuma yenye mzigo hadi ndani ya meli. Mawili yalikuwa yameshapanda. La tatu lilikuwa behewa langu la ngano, nalo lilikuwa linatembea, hatua chache kufikia daraja. Mdogo wangu alisimama sitahani akiliita kwa mkono.

Nilisahau koti. Niliinua mikono yote miwili juu ya kichwa, ishara ya hatari, nikakimbia kando ya reli nikipiga kelele hadi treni ikasimama.

Msimamizi alinijia mbio. "Shikamoo, mama. Kuna nini? Si unapumzika leo?"

"Marahaba. Behewa hili halina pini ya breki."

"Si umelisaini wewe?"

"Nimelisaini."

Akamwita mkaguzi wa zamu, binti niliyemfundisha kazi mwenyewe. Akaingia chini na tochi. Sauti yake ilitoka haraka: "Mama, pini ipo. Na kifungio chake kipo."

Sikuamini. Nikaingia nami, kanga na yote. Nikatazama pale pa pini, nikaona weusi mtupu. Nikapeleka kidole. Pini ilikuwa pale, ya baridi, imejaa grisi.

Nilipotoka, msimamizi alikuwa anacheka kwa nafuu. "Uchovu huo, mama. Haya, tuendelee." Mdogo wangu naye akapaza sauti kutoka melini: "Dada, hata siku ya kupumzika huwaachi watu?"

Ningeweza kucheka nao nikarudi nyumbani. Jicho langu la kushoto lilikuwa na ukungu tangu masika, na la kulia lilikuwa linaanza. Nilijiambia ni vumbi. Niliogopa hospitali, kwa sababu ningetolewa yadini na kupewa kazi ya mezani, na meza kwangu ilikuwa kifo. Lakini kama sikuiona pini iliyopo, ile isiyokuwepo ningeijuaje?

"Msiendelee," nilisema. "Yote niliyosaini jana yakaguliwe upya. Macho yangu hayaoni."

"Mama, unajua unachosema? Meli inasubiriwa ng'ambo."

"Najua."

Mdogo wangu alishuka hadi ukingo wa daraja. Hakuwa anacheka tena. "Tangu lini?"

"Tangu masika."

"Tangu masika nimevuka mara ngapi, dada?"

Nilitamani anitukane.

Binti alianzia na yale mawili yaliyokuwa melini. Chini ya la kwanza hakukaa sana. Chini ya la pili alikaa muda mrefu, tochi ikienda na kurudi. Kisha akatoa mkono nje, kiganja wazi.

"Naomba pini," alisema.

Minyororo ya behewa lile alikuwa ameifunga mdogo wangu, akiwa amelala chini yake. Akakaa chini palepale kwenye chuma, akageuza uso ziwani, na nilipomwita hakugeuka.