Mandazi Kizingitini

Ipo jioni moja ya Birmingham, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo vidole vinaniganda. Nilikuwa kijana niliyetoka chuo kikuu juzi tu, nimekuja kwa mafunzo ya miezi michache, nimepanga chumba katika mtaa wa Lozells. Miaka hiyo ya elfu mbili na kidogo, kadi ya kupiga simu nyumbani ilikatika kabla hujamaliza kuulizia ng'ombe. Wiki nzima ingepita bila mtu kulitaja jina langu.

Ndugu yangu pekee katika nchi ile alikuwa Shangazi Nekesa, dada ya baba, aliyeolewa na Myahudi upande wa pili wa jiji. Mara mbili aliniita kwake, mara mbili nikatoa udhuru. Si kwamba sikutaka. Niliwaza: nitakaa wapi, nitawasalimu vipi, nikikosea je? Nilijifariji kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Lakini kicheko hakikufika chumbani mwangu hata siku moja.

Mara ya tatu akapiga simu. "Ni Pasaka yao, ile ya Musa na Farao. Ukoo wote wa mume wangu unakuja, na mimi upande wangu sina hata mtu mmoja. Usipokuja, baba, sitakuita tena."

Nikajua hapo hapana mchezo. Nikakanda unga, nikakaanga mandazi, nikayajaza kwenye kopo, maana mkono mtupu haulambwi. Nikiwa kwenye basi, kopo likinipasha magoti, ndipo liliponijia somo la shule ya Jumapili: siku saba wasile kitu chenye chachu, wala isionekane nyumbani mwao. Na mandazi yangu yamefura kwa hamira kama mashavu ya mtoto!

Kutupa chakula sikulelewa hivyo. Kuingia nacho ni tusi. Kurudi Lozells ni kumpoteza shangazi. Nikasimama kizingitini kwa shangazi, kidole karibu na kengele, nikisikia ndani viti vikiburutwa na watoto wakinyamazishwa. Mandazi yakapoa. Nikageuka niende zangu.

Mlango ukafunguka nyuma yangu.

Sikuwa nimebonyeza kitu. Katika nyumba ile, kabla ya kula karamu ya Pasaka, mlango hufunguliwa na mmoja husema kwa sauti: kila mwenye njaa na aje ale. Aliyetumwa kufungua ni shangazi.

"Wewe! Umesimama hapa tangu lini?"

"Shangazi, nimeleta mandazi. Yana hamira."

Akanitazama, akalitazama kopo, akacheka hadi akashika mlango. "Ndiyo ukawa unarudi? Kwa hamira? Mpelekee Mama Jyoti hapo jirani. Hata mikate yetu yenye chachu tumempa yeye."

Mama Jyoti, Mhindi wa Kisumu, alilipokea kopo mlangoni pake. "Lete, lete! Mimi sina Pasaka, nina chai."

Ndani, mama mkwe wa shangazi, bibi mfupi mwenye sauti nzito, alinivutia kiti kando yake. Nikaanza kuomba radhi, maneno marefu yasiyo na mwisho. Akainua kidole.

"Tumesema kila mwenye njaa," aliniambia. "Hatukusema kila asiyekosea."

Kisha akanipa mzizi mchungu wanaoula kukumbuka utumwa. Ukanitoa machozi, nami nikashukuru, kwa kuwa machozi mengine yalikuwa njiani na sasa hakuna ambaye angeyatofautisha. Waliimba nyimbo nisizozijua. Ng'ambo ya meza shangazi aliimba nusu nusu, akinitazama mimi tu. Kumbe miaka yote ile, katikati ya wakwe wengi, naye alikuwa peke yake. Nilidhani upweke ulikuwa wangu.

Shangazi ameshatangulia mbele ya haki. Zile mara mbili nilizokataa hazirudi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiitwa, nenda. Nenda na kosa lako mkononi, litapata jirani wa kulipokea. Mgeni njoo, mwenyeji apone: usidhani anayekuita ameshiba watu. Mungu akupe kiti kila ugenini, na miguu ya kukifikia. Na siku utakaposimama kizingitini mwa mtu, mlango na ufunguke kabla hujageuka.