Sikio la Sultani

Harufu ya manyoya ya mbwa yaliyolowa maji huwafanya wengine wazibe pua. Mimi hunichekesha, kwa sababu hunirudisha Rujewa, miaka ya hamsini, nikamwona marehemu baba amekaa ndani ya mfereji wa mpunga na kanzu yake nyeupe, amempakata mbwa.

Lazima niwaeleze baba alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa na duka la nguo Mbeya, asili yake Kilwa, na mbwa akipita upande huu wa barabara yeye alihamia upande wa pili. Lakini wezi walikuwa wanamaliza mpunga wake kwenye ghala la Rujewa, ndipo rafiki yake Anyisile, mkulima wa milimani, akampa mbwa mlinzi mwenye manyoya mazito kama blanketi, jina lake Sultani. Baba aliudhika zaidi na jina.

Tulishuka Rujewa kwa lori, mimi, baba na mjomba Hamisi. Sultani alifungwa nyuma, chini ya turubai. Mbeya tuliondoka na masweta. Tulipofika bonde la Usangu, ilipo Rujewa, jua lilikuwa la kukaanga. Turubai lilipofunuliwa, Sultani aliteremka akipepesuka kama mlevi, ulimi nje, ufizi mwekundu kama pilipili, kisha akaanguka.

Mjomba Hamisi alikuwa na jibu la kila jambo. "Hiyo ni damu mbaya, shemeji. Ikitoka, atapona."

Kabla baba hajajibu, mjomba alishatoa wembe na kuchanja ncha ya sikio. Damu ikatoka. Tukasubiri ikome, nayo ikazidi kuchuruzika kama bomba bovu, na madoa mekundu yakaanza kujitokeza tumboni mwa mbwa. Mjomba akaurudisha wembe mfukoni.

Baba akambeba Sultani, akaingia naye mferejini, akakaa. Akavua kofia yake ya kutarizi, akaikandamiza kwenye sikio. Wateja wake wa mpunga walipita njiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," aliitikia, maji kifuani, kana kwamba yuko dukani.

Dereva wa lori alikwenda kumwita bwana mifugo, naye akaja kwa baiskeli. Alimpapasa mbwa, akatikisa kichwa.

"Maji mmefanya vizuri. Ila kuchanja, nani kawaambia? Joto likimzidi mbwa, damu yake inaharibika, haigandi. Hata mwiba unaweza kummaliza."

Mjomba aliangalia viatu vyake.

"Tuliamua hivyo sote," baba akasema.

Baba na mjomba wakaendelea kulishika lile sikio kwa zamu hadi jioni, damu ikakoma. Siku kadhaa Sultani alikuwa wa kunyweshwa uji, halafu akaanza kubweka. Baba alijisugua kwa udongo na maji, kuondoa najisi ya mbwa, mpaka nikadhani ngozi itabanduka.

Watu walipouliza kuhusu sikio lile, baba alisema mbwa alinasa kwenye senyenge. Nilishangaa sana. Mtu aliyetuchapa kwa uongo wa kipande cha sukari, anasema uongo mzima mzima, na mjomba amekaa pale pale anakunywa chai. Nilidhani ni uzee. Leo nina shemeji wangu mwenyewe, mjuzi wa kila kitu, na juzi kaniharibia redio akiitengeneza. Nimewaambia watu ilianguka.