Pimbi Waliotoka Mchana

Hata leo harufu ya mkojo wa pimbi uliokaukia jiweni ikinifikia, mkono wangu wa kulia unajikunja wenyewe. Ndio uliokuwa umeshika kisigino cha dada yangu Namkunda, yeye kichwa kiko ndani ya ufa wa jabali, miguu nje, aliporusha teke moja na kulia, "Kimeniuma!" Nikafungua mdomo nipige kelele. Kiganja cha jumbe Kalimba kikaniziba, kinanuka ugoro.

"Nyamaza we mtoto! Bwana hajamaliza."

Ngojeni niwaeleze tulifikaje pale. Asubuhi ile, kijijini kwetu Mamba, lililia baragumu la msaragambo. Msaragambo ni kazi ya kijiji kizima, kuzibua mfereji au kulima njia, na hakuna nyumba inayokataa. Mama alikuwa na homa, akatutuma sisi wawili na jembe moja. Kufika, mfereji hakuna. Yupo Mzungu aliyepanda kutoka Same na kamera ya miguu mitatu, Bwana Pelling, anataka picha ya pimbi na watoto wao. Watu wazima wakatazamana. Jirani yetu, Baba Eliamani, akanong'ona, "Kumbe tumeitiwa panya wa mawe?" Wakacheka kwa pua. Lakini kurudi nyumbani hakurudi mtu. Jumbe kaita.

Wakaziba matundu ya jabali kwa majani, wakaacha moja tu, lililoelekea kamera. Jumbe akamwangalia Namkunda.

"Wewe uliye mwembamba kama utambi, ingia kwa nyuma uwasukume."

"Shikamoo jumbe. Humo si mna nyoka?"

"Marahaba. Nyoka ni huo mdomo wako. Ingia!"

Akaingia. Mimi nikapewa kisigino, nimvute akikwama. Hata hajafika mbali, pimbi wakatoka upande ule wa pili, mama na wadogo watatu, wakasimama juani mbele ya watu wote, manyoya ya mgongoni yamesimama wima. Bwana akatabasamu. Kamera ikalia ta. Ndipo lile teke. Kamera ikalia ta tena, na tena, na mimi kiganja mdomoni.

Baba Eliamani ndiye aliyemvuta nje. Alama mbili kifundoni mwa mkono. Hatukufika naye nyumbani.

Nilikuwa mkubwa, nachunga mbuzi wa mume wangu, nilipoelewa. Pimbi hawatoki mchana kweupe mbele ya kundi la watu, ila kama nyuma yao kuna kinachotisha kuliko watu. Namkunda hakuwasukuma. Walikuwa wanamkimbia nyoka, swila. Mgeni anaweza kusema hakujua, na Bwana Pelling alishaenda kwao na picha yake. Kalimba alizaliwa kati ya mawe yale, utoto wake wote aliwinda pimbi, anajua manyoya yao husimama wakitishwa.

Naye yu hai. Jumapili anakaa benchi la mbele kanisani, vijana wanampa shikamoo. Basi na anijibu mimi, tena mbele yao: Mzee Kalimba, uliona manyoya yale yamesimama. Kwa nini hukusema, mtoeni mtoto?