Jina Lililotoka Redioni

Sado Abdishakur hakulipata jina la bintiye kwa sheikh, wala kwa mama mkwe, wala ndotoni kama wanavyodai wengine. Alilipata kibandani kwangu, sokoni Garissa, kwenye redio yangu niliyoifunga raba ili betri zisichomoke. Nasema mapema mtu asije akaniuliza. Mimi ni Mama Komora, Mpokomo wa Madogo, ng'ambo ya daraja. Napika chai na mahamri pale wanapokaa akina mama wa maziwa ya ngamia, na Kisomali nimekijulia papo hapo, kwa kugombana.

Sado alikuwa mmoja wa hao wa maziwa. Mzaliwa wa Hadado kule Wajir, kwa wafugaji. Shule aliiona kwa nje. Garissa aliletwa na ndoa. Mumewe, Mursal, ni utingo wa lori la mifugo, na hiyo barabara ya Modogashe anaijua kuliko anavyoijua nyumba yake. Kiswahili Sado alikiokota sokoni, na alikiokota na vumbi lake: kila P kwake ilikuwa B, kila V ilikuwa F. Akinyanyua kikombe, "Habaryar, chai yako imeboa!" Vijana wa bodaboda wanaangua kicheko, maana kwao kitu kikiboa ni kibaya. Yeye anataka kusema imepoa tu, maskini. Habaryar ni mama mdogo kwa lugha yao, na ndivyo alivyoniita tangu siku ya kwanza, hakuniomba ruhusa.

Alikuwa mtu wa mzaha, usidhani vingine. Lakini alikuwa amezika wawili. Wa kwanza alizaliwa kimya, na kimya hicho hicho wakampeleka. Wa pili alifika kutambaa, homa ikamchukua. Baada ya huyo wa pili Sado alikuwa akija sokoni, anapanga madumu yake, anakaa. Mteja anauliza maziwa, yeye anatazama kama hajui maziwa ni nini. Mimi ndiye niliyekuwa nikipokea pesa zake na kumwekea kwenye mkoba.

Aliyemrudisha alikuwa mtu ambaye hayupo duniani. Kila siku baada ya adhuhuri, jua linapofunga soko, mchezo wa redio ulikuwa unaanza, na ndani yake kulikuwa na msichana anaitwa Vumilia. Jamani, huyo msichana! Ami yake anamsukuma kwenye shimo la machimbo ili arithi shamba. Wiki inayofuata huyo, ametoka na matope hadi kope. Wanachoma nyumba akiwa ndani, anatokea nyuma ya umati anauliza nani anaungua. Na kila akitokea anasema neno lake: "Bado nipo." Kiswahili cha redio kilimshinda Sado kwa mbio, basi mimi nafasiri huku nakanda unga. Ikifika pale, anajipiga paja: "Bado nibo!" Mstari mzima wa maziwa unaitikia, "Bado nibo!" Nilianza kumwona meno tena.

Akashika mimba. Akaja akaniinamia juu ya karai la mafuta ya moto, ananong'ona utadhani anaiba.

"Habaryar, nikizaa msichana, ni Fumilia."

"Unajua maana yake, au unabeba tu?"

"Najua. Maana yake, hafi."

Nilicheka. Nikamweleza: kuvumilia ni kubeba uchungu bila kuutupa chini. Nikamwongezea na methali, mvumilivu hula mbivu. Akanisikiliza vizuri, kisha akasema, "Haya, hiyo bia. Lakini kwanza hafi." Ukibishana na mtu wa namna hiyo unapoteza wakati, mahamri yanaungua.

Akazaa msichana. Siku ya saba wakachinja mbuzi, wakaita watu, nami nikaitwa kusaidia sufuria. Mursal alikuwapo kwa bahati, kashuka na ndevu za vumbi. Aliposikia jina aliweka sahani chini.

"Hilo ni jina au ni amri? Binti yangu akiniuliza, 'Aabo, nivumilie nini?' nimjibu nini?"

Mamake, bibi Khadijo, hakuinua hata sauti. Alisema mtoto wa Kiislamu anapewa jina la Kiislamu, yako mengi, na redio haizai watu. Wanawake wakakubali kwa vichwa. Nikajua limekwisha hilo, maana mke wa nyumba ile hakuwa na kauli mbele ya mkwewe.

Sado alikuwa amekaa na mtoto mapajani. Akasema kwa Kisomali, polepole, "Wale wawili mliwapa majina nyinyi. Majina mazuri. Wako wapi?"

Mie mwenye mdomo nilitazama sufuria. Sheikh aliyeitwa kuomba dua ndiye aliyekohoa, akasema jina halina ubaya, subira ni nusu ya imani, na mtoto akaitwa Vumilia Mursal Jama. Bibi Khadijo alimwita "mtoto" tu tangu siku hiyo, lakini alimbeba sana, nitasema ukweli.

Na mtoto akanawiri, mashaallah. Alilala ndani ya katoni la biskuti chini ya meza yangu, mashavu yamemwagika. Sokoni kulikuwa hakukaliki kwa Fumilia huku, Fumilia kule. Anayepita na punda wa maji anasimama amtekenye. Sado akawa anauza maziwa huku mkono mmoja umeshika ukingo wa katoni, kutwa nzima, hata mvua ikinyesha, hata akila. Nilimwambia katoni halina miguu. Akasema, "Wale wawili nilikuwa nimeachilia."

Mvua za mwisho wa mwaka zilipiga vibaya. Mji ukawa matope na mbu, kila mtoto akakohoa, Vumilia naye akakohoa. Mwanzo tuliona mafua. Asubuhi moja Sado akaja bila madumu. Nilipomwona hana madumu nilizima jiko kabla hajafika.

"Habaryar, ona. Anabumua fibaya."

Akafunua. Kifua cha mtoto kilikuwa kinaingia ndani kila anapovuta, mbavu zinahesabika, mtoto aliyekuwa na mashavu yale! Midomo imebadilika rangi. Nilisimamisha bajaji katikati ya barabara kwa mikono miwili, nikamshusha abiria aliyekuwamo, akatukana, nikamrudishia.

Hospitalini walitupokea upesi, siwezi kuwasingizia. Walimtia mrija wa hewa puani, wakamtafuta mshipa, wakaupata. Daktari alikuwa kijana wa bara, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alisema ni nimonia, imeshika mapafu yote mawili. Nikafasiri. Sado akauliza swali moja tu: "Atabona?" Daktari akasema wanajitahidi. Hilo sikulifasiri sawasawa, nilisema, "Wanamtibu."

Nilimpigia Mursal. Mteja hapatikani. Nikapiga tena, nikapiga mpaka simu ikawaka moto sikioni. Mwenye lori, nilipompata, akasema maji yamekata barabara mbele ya Modogashe, magari yamelala huko, mtandao hakuna. Nilimlaani Mursal, nikayalaani maji, nikailaani na simu. Mtu hana mumewe, hana mama yake mzazi, ana mimi muuza mahamri. Bibi Khadijo alikuja, akakaa chini ukutani na tasbihi yake, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akilitaja jina: "Ya Rabbi, Fumilia." Sado alimtazama, akaanza kulia.

Sasa sikiliza jambo la wodi ile. Kila kitanda kina mama, na kila mama anaambiwa neno hilo hilo. Mtoto wa jirani anachomwa sindano, analia, mamake analia, muuguzi anasema, "Vumilia, mama, vumilia." Sado ameshasimama: "Naam! Huyu hapa!" Dirishani mtu ameambiwa dawa haijafika, avumilie. Sado kageuka. Mara ya tatu muuguzi akakasirika: "Mama, wewe mbona unaitika visivyokuhusu?" Nikamweleza. Akashika kiuno, akacheka, akasema basi humu ndani mwanao ataitwa kutwa kucha. Hata Sado alitabasamu. Alinigeukia akasema, "Unasikia, habaryar? Wote wanamwita. Akiitwa namna hii ataenda wabi?"

Kesho yake mtoto akanyonya kidogo. Kidogo tu, mara mbili akaacha. Wallahi tulifurahi kama tumepata harusi. Nilikwenda nje nikanunua ndizi, tukala sote, bibi Khadijo na meno yake mawili. Sado alimwimbia mtoto, akimwita "hooyo", yaani mama, maana kwao mama humwita mwanawe kwa neno lile lile analoitwa yeye. Nikasema moyoni, subira yavuta heri.

Adhuhuri ilipopita, pumzi zikaharibika tena. Safari hii haraka. Waliingia watu watatu, wakambeba mtoto na mrija wake mpaka chumba cha ndani, kile ambacho akina mama hawaingii. Mlango ukafungwa. Tukabaki kwenye benchi. Bibi Khadijo akaenda kutafuta pa kuswali.

Sado hakulia. Alikuwa anauangalia mlango tu. Alianza kuzungumza na Mungu kwa sauti, kama mtu anayejadiliana na mfanyabiashara. Chukua maziwa. Chukua ngamia wa baba yangu Hadado, wote. Chukua macho yangu, nitamshika kwa mikono. Umeshachukua wawili, na sikusema kitu, ulinisikia nikisema kitu? Nilitamani kumziba mdomo, nilitamani pia kumsaidia kudai. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua pa kuipeleka.

Kisha akanishika mkono. "Habaryar, jana na leo hatukusikiza redio. Fumilia amefanya nini?"

Nilijuaje? Redio ilikuwa kibandani imefungiwa. Lakini ungemwambia nini mtu yule? Nikamtungia. Nikasema wamemfungia ghalani bila maji, wakaweka mlinzi mlangoni, wakasema safari hii amekwisha.

"Halafu?"

"Akatoka."

"Alitoka wabi?"

"Paa lilikuwa bovu. Akapanda magunia, akatoka."

"Akasema?"

"Akasema kama kawaida yake."

Akaafiki kwa kichwa, akaegemea ukuta. Alionekana mtu aliyepewa maji. Adhana ya alasiri ikasikika kutoka msikiti wa karibu, na kabla haijaisha, mlango wa chumba cha ndani ukafunguka.

Daktari yule kijana alitoka peke yake. Glavu amezivua, amezishika mkononi. Mimi nilimwona uso, na mtu aliyezaa akafiwa haambiwi mara mbili. Akaja mpaka mbele ya Sado, akainama kidogo kwa heshima, akasema:

"Vumilia, mama."

Sado aliinuka kwa furaha. Nasema kwa furaha, nilimwona kwa macho yangu. Akavua shela begani, akaitandaza juu ya mikono yote miwili namna mtu anavyopokea mtoto aliyeoga.

"Haa, Fumilia. Ni mtoto yangu. Leta."

Daktari alidhani Sado haelewi Kiswahili, akarudia taratibu, silabi kwa silabi, maskini ya Mungu, akijua anatenda wema. "Vu-mi-li-a, mama. Tumejaribu sana."

"Haa, haa. Fumilia Mursal. Mama yake ni mimi." Akasogeza mikono mbele. "Leta basi."

Kijana wa watu akaanza kutokwa na machozi. Alinigeukia. "Shangazi, tafadhali. Mwambie kwa lugha yenu."

Nikatafuta neno jingine. Nilikitafuta Kisomali chote nilichogombana kukipata, na Kiswahili nilichozaliwa nacho. Ningesema pole, angeniuliza pole ya nini. Ningesema amekufa, ulimi haukufika. Basi nikasema lile wanalosema wao, ambalo maana yake ni hiyo hiyo, vumilia, isipokuwa kwao humwambii mtu ovyo ovyo. Humwambia mfiwa, mkono wake ukiwa mkononi mwako. Nikamshika kifundo chini ya ile shela.

"Samir, Sado. Samir, mwanangu."

Alilisikia. Niliona likiingia. Lakini mikono yake haikushuka, ilibaki vile vile imetandikwa, na akawa anatikisa kichwa kunikataza, kwa upole, utadhani mimi ndiye niliyekosea matamshi.

"Habana, habaryar," akasema. "Sema na Kiswahili. Sema na Kiswahili."