Nilirudisha Neno "Kihamba" Kwenye Insha ya Mjukuu Wangu

Admin, nakuomba jina langu lisitokee, wala la shule. Nina miaka sabini na nne, nimefiwa na mke, naishi Moshono na mjukuu wangu wa kike aliye kidato cha tatu. Kwetu hasa ni mlimani, juu ya Tengeru, lakini sijalala huko tangu nikiwa na miaka tisa. Baba alipofariki, mdogo wake alimwambia mama achukue watoto wake aondoke. Kaburi la baba likabaki kwenye migomba, sisi tukawa watu wa kupanga.

Mwalimu wao wa Kiswahili ameanzisha utaratibu mpya. Insha wanaandikia mtandaoni, kwenye ukurasa wa darasa. Wenzao wanasoma na kusahihisha, na ikifika Ijumaa jioni haruhusiwi mtu kugusa tena. Mjukuu wangu hutumia simu yangu. Safari hii waliambiwa waeleze walikotoka wazee wao, basi akaniketisha wiki nzima akiniuliza. Sijawahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote. Akaandika vizuri mno, na akaandika "kihamba" kama nilivyotamka.

Jumamosi asubuhi, yeye yuko mazoezi ya kwaya, nikafungua ukurasa wake kwenye simu yangu nisome tena. Kila palipokuwa na "kihamba" pamekuwa "shamba". Pembeni mwenzake ameandika: "Kihamba ndo nini? Hata simu imekipigia mstari mwekundu. Weka shamba, ticha asikukate maksi." Naye mjukuu wangu amejibu: "Poa."

Ndugu zangu, shamba unaweza kukodi, hata kununua kwa mtu usiyemjua. Kihamba unazaliwa humo, unakirithi, na wazee wako wamezikwa humo. Ukisema tulifukuzwa shambani, msomaji atadhani tulikuwa vibarua. Nikarudisha neno langu mahali pote kumi na moja.

Sikujua kwamba ukurasa ule unatunza saa na dakika ya kila badiliko. Jumatatu mwalimu akamsimamisha mjukuu wangu mbele ya darasa: "Nani kagusa insha hii baada ya muda?"

"Mimi mwenyewe, mwalimu," akajibu, ingawa alishajua ni babu yake.

Akapewa sifuri. Aliponisimulia nikamwambia kesho yake nakwenda shuleni. Akaruka: "Babu, usije! Watasema yote umeniandikia wewe. Tayari wananiita Bibi Kihamba!"

Mwalimu amempa nafasi moja. Airudishe insha ilivyokuwa Ijumaa, yenye "shamba", naye atamsahihishia upya. Ni kubonyeza mara moja tu, wala hahitaji ruhusa yangu. Lakini kila jioni anaishika simu, ananitazama, anaiweka mezani. Jana akauliza, "Babu, nikirudisha shamba utakasirika?" Nikajifanya sijasikia. Masikio yangu ni mabovu kweli, ila yeye alijua nimesikia.

Nikimwambia arudishe, maandishi pekee yaliyopo juu ya baba yangu yatakuwa si ya kweli, na nitakuwa nimeyakubali mwenyewe. Nikinyamaza, mtoto anabaki na sifuri na uongo alioubeba kwa ajili yangu. Nikienda kwa mwalimu, huenda nikamharibia hata kile alichoandika kwa akili yake. Siku zilizobaki kwenye muda aliopewa na mwalimu ni mbili. Sikai, silali vizuri, natembea kutoka mlangoni hadi getini na kurudi. Nyie mnaoyajua haya mambo ya mtandao, na nyie wenye wajukuu, nisaidieni: leo jioni akiishika tena ile simu na kunitazama, nimwambie nini?